Mtoto, Rangi ya Chakula, na Amri ya Tisa

Soma Waamuzi 13:2–14, kisha endelea hadi sura ya 16 bila kuishia njiani.

Fungu hili hupendwa sana tunapofundisha juu ya chakula cha watoto. Malaika anamtokea mke wa Manoa na kumpa maagizo kabla mimba haijatungwa: asinywe divai wala kileo, asile kitu kilicho najisi. Tunajifunza hapo, na ni haki kujifunza, kwamba Mungu anajali kinachoingia katika mwili wa mtoto hata kabla mtoto huyo hajazaliwa. Lakini mara nyingi tunaifunga Biblia mwishoni mwa sura ya 13. Anayeendelea kusoma anakutana na kijana mwenye hasira za karibu, anayetaka apewe papo hapo alichokiona, asiyesikia ushauri wa baba na mama yake. Kama palikuwa na mtoto aliyetunzwa kwa maagizo ya mbinguni tangu tumboni, ni Samsoni. Na bado wazazi wake waliugua moyoni kwa ajili yake.

Tuyakumbuke hayo tunapoligusa swali linalosikika katika madarasa yetu, na zaidi katika mazungumzo ya nje baada ya ibada: je, rangi na vihifadhi vinavyotiwa katika vyakula vya viwandani vinawafanya watoto wakose utulivu? Na ikiwa hakika haijakamilika, tunawajibika kufanya nini, na tunaruhusiwa kusema nini? Hayo ni maswali mawili, si moja.

Yaliyoonekana katika majaribio

Mwaka 1973 daktari wa mzio kutoka San Francisco, Marekani, Benjamin Feingold, aliwaeleza madaktari wenzake kwamba watoto wengi wasiotulia walipata nafuu walipoondolewa vyakula vyenye rangi na ladha za kutengenezwa. Mwaka 1975 alitoa kitabu, na familia nyingi zikafuata mpango wake. Wazazi walishuhudia mabadiliko makubwa. Lakini watafiti walipofanya majaribio ya kuficha ni mtoto yupi amepewa chakula chenye rangi na yupi hakupewa, sehemu kubwa ya mabadiliko yale ilitoweka. Haikutoweka yote.

Jaribio linalotajwa zaidi tangu hapo ni la Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, lililochapishwa mwaka 2007 katika jarida la The Lancet. Walishiriki watoto 153 wa umri wa miaka 3, na 144 wa miaka 8 na 9. Hawakuchaguliwa kwa sababu ya utundu; walikuwa watoto wa kawaida wa mtaani. Kwa majuma kadhaa walikunywa juisi kila siku. Majuma mengine ilikuwa na mchanganyiko wa rangi pamoja na kihifadhi kiitwacho sodiamu benzoeti, majuma mengine haikuwa na kitu. Juisi zote zilifanana kwa sura na kwa ladha, na mzazi, mwalimu na mtoto hawakujua ipi ni ipi. Kwa wastani watoto walionyesha kutotulia zaidi kidogo walipokunywa mchanganyiko ule.

Neno "kidogo" lisirukwe. Matokeo hayakuwa sawa kwa rika zote mbili na kwa michanganyiko yote, na watoto walitofautiana sana wao kwa wao. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba baadhi yao huenda wanaathirika zaidi kwa sababu ya tofauti ndogo walizorithi katika miili yao. Tena, kwa kuwa rangi na kihifadhi vilinyweshwa pamoja, hakuna awezaye kusema kutokana na jaribio hilo ni kipi hasa kilichohusika.

Watu wenye mamlaka waliusoma ushahidi huo huo wakafikia maamuzi tofauti. Ulaya walikiri kwamba ushahidi una mipaka, lakini tangu Julai 2010 chakula chenye rangi yoyote kati ya 6 zilizochunguzwa, mojawapo ikiwa tartrazini au E102, lazima kiandikwe onyo kwamba huenda kikaathiri utendaji na umakini wa watoto. Marekani, mwaka 2011, kamati ya wataalamu iliona kwamba uhusiano haujathibitishwa kwa watoto kwa jumla, na onyo la namna hiyo halikuwekwa. Kisha mwaka 2024 jimbo la California likapitisha sheria ya kuondoa rangi 6, baadhi yake zikiwa zile zile, katika vyakula vya shule za umma kuanzia mwisho wa mwaka 2027.

Hawa wote hawakutofautiana sana juu ya kilichoonekana. Walitofautiana juu ya jambo ambalo maabara haiwezi kuliamua: mashaka kiasi gani yanatosha ili mtu achukue hatua, na nani abebe mzigo wa uthibitisho, muuzaji au mtoto?

Kuacha na kushtaki

Mithali 20:10 inalaani vipimo viwili vya mfanyabiashara mdanganyifu. Hata hivyo, kuna mahali ambapo haki yenyewe inadai vipimo viwili, kwa sababu vitu vinavyopimwa ni viwili.

Kwanza ni kuacha. Rangi ya chakula hailishi. Haimwongezei mtoto damu wala mifupa. Ipo kwa ajili ya macho na kwa ajili ya mauzo. Mabuyu yasiyotiwa rangi ni meupe na ladha yake ni ile ile. Mtoto anayenyimwa wekundu wa mabuyu, au barafu ya rangi ya machungwa ya getini kwa shule, hapungukiwi na kitu ambacho mwili wake unakihitaji. Kwa hiyo mashaka kidogo yanatosha. Soma Luka 11:11–13. Baba anayeombwa samaki hangojei nyoka apimwe kwanza kama ana sumu. Mzazi Mkristo anayesema, "Sina hakika, lakini nyumbani kwangu tutakunywa ukwaju au rosela," amefanya jambo la busara, wala hahitaji kumthibitishia mtu lolote. (Rosela, tukumbuke, ni nyekundu kuliko juisi nyingi za unga, na haikutiwa rangi na mtu.)

Pili ni kushtaki. Hapa kipimo ni kingine kabisa. Mama anaingia kanisani na mtoto anayekimbia kati ya viti, anayepiga kelele wakati wa ombi, anayevuta nguo ya shemasi. Baada ya ibada dada mmoja anamwendea kwa sauti ya upendo na kumwuliza, "Kwani huwa unamlisha nini?" Halionekani kama shtaka, lakini ni shtaka. Linamwambia mama huyo kwamba tabia ya mwanawe ni matunda ya jikoni kwake, na linasema hivyo bila ushahidi. Kutoka 20:16 haikatazi uongo wa mahakamani peke yake. Kumshuhudia jirani jambo tusilolijua, hata kwa nia ya kumwelimisha, ni kumshuhudia uongo. Wala ujumbe wa afya hautupi ruhusa ya kulivuka fungu hilo. Ungekuwa ujumbe wa namna gani?

Kuna jaribio moja dogo linalopaswa kutuogofya hapa. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Hoover na Milich, waliwaita akina mama walioamini kwamba sukari huwavuruga watoto wao wa kiume wa miaka 5 hadi 7. Baadhi waliambiwa kwamba mtoto amepewa sukari nyingi. Kwa kweli hakuna mtoto hata mmoja aliyepewa sukari. Wote walipewa kinywaji chenye utamu usio wa sukari. Lakini akina mama walioambiwa habari ya sukari waliwaona watoto wao kuwa watundu zaidi. Na tabia ya akina mama wenyewe ilibadilika: waliwasogelea zaidi, wakaelekea kuwakosoa zaidi. Watoto hawakuwa wamebadilishwa na chochote. Kilichobadilika ni jicho lililowatazama, na mtoto hulijua jicho hilo mapema sana.

Jaribio hilo lilihusu sukari, si rangi, nasi tusilitumie kufuta yale ya Southampton. Linaonyesha tu kwa nini ushuhuda wa mzazi anayependa na kuamini hautoshi peke yake. Linganisha na Danieli 1:8–16. Danieli aliomba siku 10 za mtama na maji, na watu wengi huishia kwenye mtama. Angalia aliyewekwa kuwa mwamuzi. Danieli hakusema, "Tutakuja kukueleza tunavyojisikia." Alimwachia msimamizi wa Babeli, mtu asiyeshiriki imani yake, azitazame nyuso zao, azilinganishe na nyuso za vijana wengine, kisha atende kama atakavyoona. Aliyemwamini Mungu hakuogopa kipimo cha haki ambacho kingeweza kumkatalia. Tunapoeneza kwa simu maneno kwamba rangi fulani "imethibitishwa" kuharibu akili za watoto, je, tuna ujasiri huo, au tumeogopa kwamba ukweli ulivyo ni mdogo mno kumtisha mtu?

Mtoto mwenyewe

Katika mabishano haya mtoto husahaulika. Mwanzo 2:7 inatufundisha kwamba mwanadamu si roho iliyofungiwa ndani ya mwili. Ni nafsi hai, mmoja, mzima. Kwa hiyo Mwadventista hana sababu ya kushangaa akiambiwa kwamba kilicho kikombeni chaweza kugusa utulivu wa mtoto. Lakini mafundisho hayo hayo yanatuzuia kuishia kikombeni. Usingizi mfupi ni wa mwili. Njaa ya asubuhi ni ya mwili. Hofu ya mtoto aliyesikia wazazi wakigombana usiku inakaa mwilini pia, naye huja nayo kanisani. Ni rahisi kumwondolea soda. Ni vigumu zaidi kumwondolea ugomvi.

Wapo watoto wenye tatizo halisi la utulivu na umakini, linalohitaji daktari na mwalimu mwenye subira. Kwao, mzazi anayezunguka mwaka mzima akiondoa chakula hiki na kile, akingojea kipatikane chenye hatia, anaweza kuwapotezea muda ambao hautarudi. Na wapo wanaopigwa fimbo kwa jambo ambalo miili yao ililifanya kabla nia yao haijaamka. Mithali 18:13 inamwita mpumbavu yule ajibuye kabla ya kusikia. Fimbo nayo ni jibu.

Je, basi mtoto hana wajibu wowote? Anao. Mithali 20:11 inasema mtoto hujulikana kwa matendo yake, na Samsoni hakuambiwa na mtu kwamba ni lishe iliyomkosesha. Mtoto anayesikia kila mara kwamba "ni ile juisi" atajifunza kuisingizia juisi. Wajibu wake hukua polepole kama mifupa yake inavyokua, na sisi tunaoupima tunatakiwa kuujua umri wa mifupa hiyo. Mzazi anaweza kuiweka chupa mbali na bado amwambie mwanawe aende kumwomba radhi aliyempiga.

Kwa mazungumzo ya darasa: Kanisa lenu linaandaa siku ya watoto, na mhisani ameleta katoni za soda na peremende za rangi. Wengine wanataka zirudishwe hadharani, wengine wanasema watoto wasinyimwe furaha ya siku moja. Mngefanya nini, na mngemwambia mhisani maneno gani hasa? Kisha, kila mmoja kwa nafsi yake: mtaje moyoni mama mmoja ambaye umewahi kumwazia vibaya kwa sababu ya mwenendo wa mtoto wake. Unajua nini, kwa hakika, juu ya wiki yake?