Walimsamehe Kuua, Hawakumsamehe Kusamehe

Daniel Sickles aliua mtu mchana kweupe, hatua chache kutoka Ikulu ya Marekani, na korti ikamwachilia. Watu wakashangilia. Miezi michache baadaye akarudiana na mkewe. Hapo ndipo wakubwa wa Washington walipompa kisogo.

Hebu tuangalie hesabu hiyo vizuri. Sickles alikuwa wakili na mwanasiasa wa New York. Mnamo 1852, akiwa amepita miaka 30, alimwoa Teresa Bagioli, msichana ambaye hata 17 hakuwa amefika. Ndoa haikumzuia kutembea nje. Alipopata kazi ya ubalozi London, alienda na Fanny White, mwanamke wa danguro. Mji ulipiga porojo, basi. Hakuna aliyesema Teresa ana haki ya kushika bastola.

Februari 1859, Sickles sasa mbunge, barua isiyo na jina ikamwambia mkewe ana mpenzi: Philip Barton Key, kiongozi wa mashtaka wa jiji. Akamfanya Teresa aandike kukiri kwake kwa mkono wake mwenyewe. Kesho yake, tarehe 27, akamkuta Key nje, hana silaha, akampiga risasi. Mawakili wakasema alishikwa na wazimu wa muda, na kwa mara ya kwanza Marekani utetezi huo ukafaulu. Jaji aliikataa ile karatasi ya Teresa, lakini magazeti yakaichapisha. Kwani ni nani hasa alikuwa anahukumiwa?

Mimi niliacha chuo na sheria sikusomea, kwa hivyo nauliza swali la mtaani tu: msamaha ni wa nani kutoa? Key alikuwa mgane mwenye watoto wanne. Hao ndio waliokuwa wakidai. Umati ulisamehe kwa niaba yao bila kuwauliza, na ilikuwa rahisi kwa sababu wenyewe haukupoteza kitu. Sickles naye aliposamehe kosa alilotendewa yeye, ati amejidhalilisha.

Naona sababu ni hii. Walikuwa wamemtetea kwa kusema fedheha ya aina hiyo huoshwa kwa damu. Alipomrudisha Teresa nyumbani, hoja yao ikaanguka. Kama ndoa ingeweza kutengenezwa kwa mazungumzo, Key alikufa kwa nini?

Utaniambia Sickles mwenyewe alikuwa mzinzi, kwa hivyo msamaha wake haukumgharimu chochote. Sawa, si malaika. Lakini waliomcheka hawakumcheka kwa hilo.

Kilichomwokoa ni vita. 1861 alikusanya wanajeshi New York, akawa jenerali. Gettysburg, tarehe 2 Julai 1863, alisogeza kikosi chake mbele bila ruhusa. Kikapondwa, naye akapoteza mguu. Mpaka leo watu hubishana kama aliharibu ama alisaidia. Mguu huo lakini ulimsafishia jina: 1897 akapewa Medal of Honor, na mfupa wake umehifadhiwa makumbusho. Teresa alikuwa amekufa 1867, hata miaka 35 hajafika.

Siku hizi mtu akimuua mpenzi wake, bado utasikia, "Kwani alimfanyia nini?" Ni korti ile ile ya 1859, imehamia kwenye simu. Nikiona umati unasamehe haraka hivyo, nauliza kwanza aliyeumizwa yuko wapi, na kama kuna mtu amemsikiza.