Usimsingizie Mungu Shimo Lako

Enyi wenye nyumba, wenye ploti za kupangisha, wenye maduka, na ninyi wazee wa kanisa ambao ngazi yenu imemeguka, nisikilizeni. Acheni kumsingizia Mungu!

Naanza na langu. Kipandio cha tatu cha mlango wangu wa nyuma kilimeguka wakati wa masika. Nikakiegemezea tofali, nikasema mwisho wa mwezi nitamwita fundi. Ikapita miezi minne. Alhamisi moja jumuiya ikasali kwangu, stima ikapotea, na mama mmoja wa makamo akatoka akipapasa ukuta. Tofali likayumba. Mkono wake niliusikia ukivunjika kabla sijamsikia yeye akilia. Nami nilipomwinua, mdomo huu huu uliotoka kusali ukatamka, “Pole mama, ni mapenzi ya Mungu.” Mapenzi ya Mungu! Tofali lile aliliweka Mungu?

Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Ajengaye nyumba mpya anaamriwa azungushe ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Enzi hizo dari lilikuwa tambarare, watu wakianika kitani huko na kulala huko, lilikuwa sebule. Agizo lenyewe halingoji mtu aanguke. Linamkuta mwenye nyumba angali na mchanga na mawe uani. Nendeni Kutoka 21: mtu akichimba shimo asilifunike, punda wa mwenzake akatumbukia, analipa. Ikiwa punda anastahili mfuniko, mtoto wa mpangaji wako je?

Msidhani hayo yalikwisha na Musa. Kenya tunayo sheria kamili ya jambo hili, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, na inamshika yeyote mwenye mamlaka juu ya jengo, hata kama hati haina jina lake. Inamtaka aangalie kwa kadiri inayofaa ili mgeni awe salama katika shughuli iliyomleta. Inamwambia atarajie kuwa watoto hawaangalii kama watu wazima. Fundi akiharibu kazi, unapata nafuu ikiwa ulimchagua kwa akili na ukarudi kukagua. Aliyeokota wa bei ya chini na kwenda zake asitegemee nafuu hiyo. Na onyo tupu halikuokoi, ila liwe limemwezesha mgeni kujiepusha na hatari.

Hapo nawageukia ninyi mliotundika “Mbwa Kali” getini. (Kiswahili chenyewe kimeng'atwa: mbwa ni mkali.) Geti liko wazi, mnyororo umekatika, na muuza maziwa umemwagiza afike hadi mlango wa jikoni. Kibao kimemfaa nini? Sura ile ile ya Kutoka inamtaja ng'ombe mwenye mazoea ya kupiga pembe, ambaye mwenyewe alikwisha kuonywa lakini hakumfunga: hukumu yake ni nzito kuliko ya asiyejua. Kibao chako ni shahidi, ndugu yangu. Umeandika kwa rangi nyekundu kwamba ulijua.

Mwaka 1932, katika kesi ya mwanamke wa Uskoti aliyekunywa kinywaji cha tangawizi kutoka kwenye chupa iliyosemekana kuwa na konokono, jaji Atkin alilijenga deni la uangalifu juu ya swali ambalo mwanasheria alimuuliza Yesu: jirani yangu ni nani? Jibu lake ni yule ambaye ungepaswa kumfikiria kabla hujatenda au kuacha kutenda. Kuacha! Mimi sikutenda lolote. Niliacha tu, miezi minne.

Mama yule alikuwa na miaka 3 ya kunipeleka mahakamani. Hakunipeleka. Nililipa plasta na dawa nikajiona mwema, ilhali hadi leo anasonga ugali kwa mkono wa kushoto, mwiko ukimponyoka.

Sasa wewe uliyefunika shimo la choo kwa bati na kuweka jiwe juu, ukasema inatosha. Shule zinakaribia kufungwa. Wajukuu wa wapangaji wako watakuja, watacheza mpira uani, na mpira utadunda juu ya bati hilo. Mfuniko wa zege hukauka kwa siku kadhaa. Zungushia mahali hapo miti na kamba leo leo, na fundi afike kesho alfajiri.