Kovu Ndani ya Mti

Soma Mwanzo 41:51, 45:1–8, 50:15–21. Je, mtu aliyekwisha kusamehe anaweza bado kulia?

Yusufu alimwita mzaliwa wake wa kwanza Manase, akishuhudia kwamba Mungu amemsahaulisha taabu zake. Lakini ndugu zake walipokuja kununua nafaka, alikumbuka yote. Aliwasamehe, akawapa mahali pa kukaa. Miaka 17 baadaye Yakobo alikufa, ndugu wakaomba msamaha tena, naye Yusufu akalia. Wapo ambao wangesema kwamba msamaha wa kwanza haukuwa wa kweli.

Uumbaji wa Mungu unashuhudia vingine. Katika maji ya pwani ya Bahari ya Hindi huota mwani uitwao kaulepa. Una kitu kama shina, mizizi na majani, lakini mwili wake wote ni seli moja tu. Ukikatwa, uhai wake wote ungeweza kumwagika baharini. Hata hivyo, kwa dakika chache ute wake huganda na kuziba jeraha. Kizibo hicho si ukuta. Ukuta mpya hujengwa nyuma yake, polepole.

Kwa mti kazi ni ndefu zaidi. Mtafiti wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa injini ili aone majeraha ya zamani yamekuwaje ndani. Aliona kwamba sehemu ya mti iliyojeruhiwa hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Mti huiwekea mipaka ili uozo usienee. Kisha seli hai zilizo kandokando ya jeraha hugawanyika, na mti mpya hukua juu yake. Kwa nje gome huweza kufunga kabisa. Kwa ndani kovu lipo, na mti unaendelea kuzaa.

Makanisani waliokosana huitwa, hupeana mikono, ombi hutolewa. Sabato inayofuata, aliyeumizwa akionekana mnyonge, huambiwa kwamba hajasamehe. Huko ni kukidai kizibo kifanye kazi ya ukuta, na mara nyingi anayeharakisha siye aliyekatwa.

Lakini kovu si uozo. Uozo husambaa, ndilo shina la uchungu linalotajwa katika Waebrania 12:15, ambalo hutia wengi unajisi. Machozi ya Yusufu hayakumdhuru yeyote. Katika saa ile ile aliahidi kuwalisha ndugu zake pamoja na watoto wao.

Soma Yohana 20:24–27. Kwa nini mwili wa Kristo aliyefufuka ulikuwa bado na alama za misumari?

Katika mti uliojeruhiwa, zinazofanya kazi ni seli jirani zilizo hai. Ni nani katika kundi lenu ambaye bado analia juu ya jambo lililokwisha kuombewa, na walio karibu naye wamemfanyia nini tangu siku ile?