Je, Ni Haki Watu Kujitenga?

Maji ya ziwa letu hayakai hapa Magu. Mto Simiyu huyaleta ziwani, nayo hutokea Jinja yakawa Mto Nile, yakapita Juba, kisha Khartoum. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, habari za Sudan si habari za watu wa mbali. Tarehe 9 Julai 2011 nchi hiyo iligawanyika, na Sudan Kusini ikawa taifa. Yafaa tujiulize: je, ni haki watu kujitenga na nchi yao?

Wako wasemao hapana. Kila kabila likidai nchi yake, Afrika itabaki vipande vipande. Hoja hii ina uzito. Mwaka 1964, huko Cairo, viongozi wa Afrika walikubaliana kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, na Mwalimu Nyerere alikuwa mtetezi wa jambo hilo. Lakini mwaka 1968 Tanzania, chini ya Mwalimu huyo huyo, iliitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria. Je, alijipinga? Sisi twaona hakujipinga. Waigbo walikuwa wameuawa kwa maelfu mwaka 1966. Serikali ipo ili watu wake wawe salama. Umoja umewekwa kwa ajili ya watu, si watu kwa ajili ya umoja.

Ndivyo ilivyokuwa Sudan Kusini. Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 uliwapa serikali yao ya ndani. Mwaka 1983 serikali hiyo ilifutwa, vita vikarudi, vikadumu hadi 2005. Walipopiga kura Januari 2011, karibu watu 99 katika kila 100 walichagua kutoka. Nani atawalaumu?

Lakini tusiishie hapo. Desemba 2013, bendera ikiwa bado mpya, wakubwa wa Juba waligombana, na risasi zikawaangukia wanyonge, Wadinka na Wanuer. Mamilioni walikimbia makwao, wengi wakaingia Uganda. Bwana wa zamani alikuwa ameondoka, lakini ubwana ulibaki. Kijana aliyehama kaya kwa kuchoka fimbo za baba yake aweza naye kuwachapa wanawe kwa fimbo ile ile.

Wakurdi nao waijue hatari hii. Wamegawanyika katika Uturuki, Iran, Iraki na Syria. Mkataba wa mwaka 1920 uliwapa tumaini la nchi. Ule wa Lausanne wa mwaka 1923 ukanyamaza. Septemba 2017 Wakurdi wa Iraki walipiga kura, na zaidi ya asilimia 92 wakataka uhuru. Majirani walikataa, na Oktoba jeshi la Iraki likautwaa mji wa Kirkuk. Kilio chao ni cha haki. Lakini Kirkuk wapo pia Waarabu na Waturkmeni. Hao nao watapewa nafasi gani?

Hapo ndipo twaona kipimo. Mwenye kudai uhuru kwa kuwa alionewa akiwa mchache, kwanza aseme atawatendeaje wachache walio mikononi mwake. Waisraeli walimwacha Rehoboamu kwa sababu ya nira nzito, na kilio chao kilikuwa cha kweli. Lakini Yeroboamu waliyemfuata aliwapoteza vile vile.

Tena, kutengana si lazima kuwe uadui. Kanisa letu la Kianglikana lilibaki jimbo moja katika Sudan zote mbili mpaka mwaka 2017, ndipo Sudan ikawa jimbo lake, na ushirika haukuvunjika.

Nasi tusiwahukumu wengine tukajisahau. Katika kila kijiji chetu iko nyumba iitwayo ya wageni, ijapokuwa watoto wake wamezaliwa hapa. Mkutanoni, mzee wa nyumba hiyo akisimama kusema, je, twamsikiliza? Tukimnyamazisha leo, kesho tusishangae akitafuta njia ya kutoka.