Bingwa kwa Kanuni, Bingwa kwa Haki



Tuseme mashua mbili zinashindana kutoka Chula hadi Chovai, huko visiwani kwa Wabajuni. Moja ni kubwa, ina tanga jipya. Nyingine ni ndogo, tanga lake lina viraka. Ile kubwa ikitangulia kufika, imeshinda. Lakini je, tumemjua nahodha bora, au tumejua tu nani ana pesa za tanga?

Swali hili si geni katika dini yetu. Ibn Umar (r.a.) amesimulia, katika Sahih al-Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliofanyiwa mazoezi kutoka al-Hafya hadi Thaniyyatul-Wadaa, na wasiofanyiwa mazoezi kutoka hapo hadi msikiti wa Bani Zurayq, masafa mafupi zaidi. Uadilifu ulitangulia mbio zenyewe, na hiyo ndiyo kazi ya mwandalizi.

Ila kanuni peke yake haitoshi. Katika Kombe la Dunia la 1982, Algeria iliifunga Ujerumani Magharibi 2-1, ikamaliza mechi zake za kundi tarehe 24 Juni. Kesho yake, mjini Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria ziliingia uwanjani zikijua kwamba Ujerumani ikishinda kwa bao moja au mawili, zote mbili zitafuzu. Bao lilipatikana dakika ya 10. Baadaye ikawa ni kupasiana tu. Algeria ikalalamika, isisikilizwe. Tangu 1986, mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja.

Mwanya umezibwa, lakini nia haizibwi na kanuni. Mtu atauliza: ikiwa hawakuvunja kanuni, kosa lao nini? Kosa ni kwamba anayeingia mashindanoni amewaahidi wote, hata wasiokuwepo uwanjani, kuwa atashindana kweli. Na ahadi ni amana.

Nasema haya nami nina deni. Muhula uliopita timu yetu ilichezesha mamluki katika fainali ya vitivo. Nilijua, nikanyamaza, tukabeba kikombe. Hakuna aliyegundua. Nimewaomba wenzangu tukirudishe, wengine wamekataa. Basi nimeanza na kilicho changu: medali nimeirudisha, na sababu nimeieleza.

Nawe ndugu yangu, je, kabatini mwako mna nini?

Wallahu aalam.