Hidaya Haikuja kwa Mashua

Kila mwezi wa nne unapoingia, wajukuu zangu, huwa naisubiri ile siku redio itakaposema kuna kimbunga Bahari ya Hindi. Naisubiri kwa sababu najua hapa Masasi mtasema nini. Mtasema hayo ni ya watu wa pwani. Mtanikumbusha kwamba kufika Mtwara ni kilomita 200 hivi, nauli, na kiuno kuuma, sasa wimbi gani hilo litakalopanda mpaka huku? Na mimi huwa nawaunga mkono. Wimbi halitafika. Mkishacheka mkamaliza, ndipo naanza kusema.

Kimbunga ni chungu kilichobandikwa jikoni, na jiko lenyewe ni bahari yenye joto. Kikikanyaga nchi kavu, chungu kimeepuliwa: upepo unalegea, na yule wa redio anatangaza kwamba kimepungua nguvu, nanyi mnapumua. Lakini chungu kikiepuliwa, mchuzi ulioko ndani unakwenda wapi? Ungalimo, tele, na huenda ukamwagikia mtu ambaye jikoni hakukanyaga kabisa. Machi 2019 kimbunga Idai kilipoingia Beira, Msumbiji, watu wa Chimanimani kule Zimbabwe walikuwa milimani, mbali na bahari kama sisi au zaidi. Walifukiwa na mawe na tope usiku. Machi 2023 Freddy ikashusha mvua zake Blantyre, nchi ya Malawi, ambayo haina hata kipande cha bahari. Watu zaidi ya mia sita walikufa Malawi, wengi wao wale waliojenga kwenye miteremko, mmoja juu ya mwenzake, kwa sababu huko ndiko viwanja vilikokuwa rahisi.

Siwalaumu. Nani hapendi kiwanja rahisi?

Ila nawaelewa pia kwa nini hamsikii. Aprili 2019 tulitangaziwa Kenneth, tena kwa kishindo. Mtwara shule zilifungwa, watu wakaambiwa waende sehemu salama. Tarehe 25 Kenneth ikashukia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, ikalaza nyumba za wenzetu, nanyi mkasema, "Si unaona, Bibi? Hakikuja." Kana kwamba Msumbiji ni mwezini. Mwaka 2021, Aprili hiyohiyo, ikaja Jobo, ikaishia njiani kama mtoto aliyetumwa dukani akakuta wenzake wanacheza mpira. Mkacheka tena. Nilikuwa na madumu sita ya maji na ndoo ya maharage, nikawa ndiyo habari ya mtaa mzima: Bibi anamsubiri Nuhu.

Sasa niwaulize jambo la jikoni. Umempikia mgeni wali, mgeni asije. Wali unaumwaga? Maharage yale tulikula. Maji nilifulia. Hasara yangu ilikuwa kiberiti kimoja kilichopata unyevu, na hata hicho nilikianika.

Kisha, Mei 2024, ikaja Hidaya. Aliyeipa jina hilo ana utani, maana kwetu hidaya ni zawadi. Tarehe 4 ikafika kisiwani Mafia, nayo ikiwa inapungua nguvu, na hapa kwetu, nisiseme uongo, hata bati la choo changu halikung'oka. Nikalala. Naam, mimi mwenyewe, mwenye madumu sita. Mwaka ule sikuweka kitu, nilikuwa nimechoka kuchekwa, na mtu akishazeeka kuchekwa kunamuuma zaidi kuliko magoti.

Kumbe zawadi haikuja kwa mashua, ilikuja kwa barabara. Mvua ilikata barabara kule Kilwa, maeneo ya Somanga, na magari ya kutoka Dar es Salaam yakasimama msururu, abiria wakilala ndani, matenga ya nyanya yakivuja maji. Ukitaka kuizunguka Somanga, njia ni kupita Makambako, Songea na Tunduru, yaani uzunguke nusu ya nchi kumletea Bibi kilo ya sukari. Siku ya kwanza sokoni tulikuwa tunapeana pole. Siku ya pili muuza vitunguu, ambaye ni binamu yangu kabisa, alinitazama kama hanijui, akataja bei. Siku ya tatu vidonge vyangu vya presha vikaisha. Nikaenda duka la dawa, yule binti akanijibu kwa upole kwamba mzigo uko kwenye gari, na gari liko kwenye tope. Nilirudi nikakaa chini ya mwembe, kichwa kinagonga kama kinu. Kimbunga chenyewe kilikwishakufa siku hizo. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu siku.

Na msidhani ilikuwa bahati mbaya ya mara moja. Aprili ya mwaka uliofuata, mvua za kawaida tu, pale pale Somanga pakakatika tena.

Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema angalizo, ikapanda kuwa tahadhari, kisha tahadhari kubwa, msiitafute Masasi kwenye ramani mkikuta haikutajwa mkazima redio. Tafuteni barabara. Kama imetajwa Kilwa au Lindi, basi chumvi yenu imetajwa, na mafuta ya taa, na vidonge vya mama zenu. Nunueni vya wiki mbili wakati binamu yangu bado anawajua. Mkaa uingie ndani. Simu ijae chaji, maana siku hizi hela nayo inakaa humo. Vyeti na kadi mimi nimeviweka kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko. Mifuko ya plastiki tulinyang'anywa mwaka 2019, na ndoo ni bora zaidi, ukikimbia unaikalia.

Ndiyo, kukimbia. Hili ndilo mnalolionea aibu. Mwaka 1952, Aprili pia, kimbunga kilipiga Lindi, na mama yangu alikuwepo. Alisimulia mpaka anakufa, na hata mara moja hakuanza na upepo. Alianza na jirani aliyekwisha kutoka nyumbani salama, akakumbuka kuku, akarudi. Mama hakumcheka. Alisema, "Walikuwa kuku wazuri." Nami naona wengi wenu mtarudia cherehani, godoro, televisheni ambayo mkopo wake haujaisha. Binadamu ndivyo alivyo. Ndiyo maana natamani muamue leo, jua linawaka, nani atamshika mtoto, nani atambeba babu, na kuku waachiwe Mungu.

Wa korongoni nyuma ya soko nawajua kwa majina. Kiwanja kile niliwaambia kuwa ni njia ya maji, mkanionesha risiti. Haya. Jengeni, mmeshajenga. Lakini mvua ikizidi saa tatu usiku, msisubiri kuona maji mlangoni. Pandeni shuleni, juu pale, mlale kwenye madarasa, asubuhi mrudi mkanicheke.

Hapo nikakumbuka kuuliza jambo. Nilimfuata mwenyekiti wa mtaa, nikamwamkia kwa heshima ingawa nilimlea, nikasema, "Mwanangu, shule tumekubaliana ndiyo pa kukimbilia. Ufunguo anao nani?" Akasema mlinzi. Mlinzi anakaa wapi? Akanyamaza, kisha akacheka sana, akajishika kiuno. Mlinzi anakaa ng'ambo ya korongo.

Kesho yake alimtuma kijana na ufunguo wa pili. Uko jikoni kwangu, kwenye msumari, kando ya kifumbu cha kuchujia nazi.