Siku Njema ya Mgongo



Mama ambaye mgongo umekuwa ukimuuma tangu mwaka juzi anaamka asubuhi moja na kujikuta mwepesi. Anamshukuru Mungu, kisha anaivamia kazi. Anafua nguo za wiki nzima ameinamia beseni, anapiga deki, anachota maji, na jioni anapalilia mchicha. Kesho yake hawezi hata kujigeuza kitandani. Atalala siku tatu, vidonge vya maumivu pembeni, akiingojea siku njema nyingine alipe madeni ya kazi. Je, na wewe umo humo?

Wataalamu wa fiziotherapia wanaujua sana mzunguko huu. Maumivu yakivuka miezi mitatu huitwa maumivu sugu, na mara nyingi jeraha lililoyaanzisha, kama lilikuwapo, limekwisha kupona. Mishipa ya fahamu ndiyo inayokuwa imezoea kushtuka upesi, kama mbwa wa nyumba iliyowahi kuvunjwa na wezi: sasa anabweka hata mtoto wa jirani akipita. Maumivu yenyewe ni ya kweli kabisa, na aliyekuambia unajifanya amekuonea. Ila si kila panapouma pana kitu kinachoharibika. Kwa hiyo kulala siku nyingi hakuponyi; kunadhoofisha misuli na kuongeza hofu ya kuinama.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Elimu, mazoezi na msaada wa kisaikolojia vimo katika yanayopendekezwa. Mikanda ya kiuno, ambayo wengi wetu tumeinunua kwa fedha ya kubana matumizi, haikupendekezwa.

Wanachofundisha wataalamu wa fiziotherapia ni kiasi. Chagua unachokiweza hata siku mbaya, labda kutembea dakika tano. Kifanye kila siku. Mgongo ukiuma kidogo zaidi, usikiache. Ukiwa mwepesi, usikizidishe. Baada ya wiki moja au mbili ongeza kidogo. Nguo zifuliwe kwa mafungu, na usingizi uwe na saa yake, kwa maana usiku mbovu huyachochea maumivu ya mchana.

Kwangu mimi, hilo la kutozidisha siku njema ndilo gumu zaidi. Kwa nini tunajimaliza siku hiyo? Nadhani mara nyingi ni aibu. Tunataka watu wa nyumbani waone kwamba sisi si wavivu. Tunauadhibu mwili kwa siku zile uliposhindwa. Umewahi kuusamehe mwili wako?

Katika Luka sura ya 13 yumo mwanamke aliyepinda mgongo kwa miaka 18. Yesu alimkuta ndani ya sinagogi, siku ya Sabato. Alikuwa amekuja na mgongo wake vile ulivyokuwa, na hatuambiwi alikuwa amekuja Sabato ngapi kabla ya hiyo. Mkuu wa sinagogi alipokasirika kwamba ameponywa siku ya Sabato, Yesu alimtetea mwanamke huyo kwa kumwita binti wa Abrahamu. Miaka yote ile ya kupinda haikuwa imemtoa katika ukoo. Wewe nawe, siku usiyoweza kuinua ndoo, bado ni mtoto nyumbani kwa Baba. Nanyi mnaoishi na mgonjwa wa namna hii, mpokeeni ndoo bila kuguna.

Neno moja la tahadhari. Ukipata ganzi katikati ya mapaja, miguu ikaishiwa nguvu, ukashindwa kuzuia mkojo au choo, au maumivu yakaja na homa au kukonda bila sababu, ama yakaanza baada ya kuanguka, usianze mazoezi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kama huna dalili hizo, wiki hii fika idara ya fiziotherapia iliyo karibu nawe. Mwombe mtaalamu akupangie kiasi chako cha kuanzia, na usione haya kikiwa kidogo.